Mwanafunzi Wangu Nyuma ya Magunia

Nasikia wengi wenu mnakwenda kufundisha nje siku hizi. Wengine Ghuba, wengine Uchina, wengine visiwa ambavyo hata mimi lazima nivitafute kwenye ramani. Nendeni, vijana wangu. Mimi nilikwenda Botswana kichwa kikiwa kimeshaanza mvi, nikafundisha Gaborone miaka kadhaa mpaka nikastaafu, na sijutii. Ila nimeona jambo moja. Kila kijana anayenisimamisha pale mjini Kakamega huniuliza habari za mkataba, tiketi na baridi. Hakuna anayeniuliza juu ya likizo, na likizo ndiyo inayowashinda walimu wa nje. Darasa utalizoea. Kurudi nyumbani ukiwa nusu mgeni nusu mwenyeji, hilo linahitaji mafunzo, na chuoni hawafundishi.

Chukueni mfano wa tumbo. Mimi ni mtu wa Kabras, upande wa Malava kwenye miwa, na kwetu mgeni hatoki nyumbani kwa mtu akiwa mkavu. Likizo yangu ya kwanza niliamua kuwatembelea shangazi zangu wote siku moja, nimalize. Kwa wa kwanza nilikula obusuma, ugali wetu, na ingokho, kuku wa mgeni, mpaka nikalegeza mshipi. Kwa wa pili nikasema asante, nimeshiba. Aliuliza kama huko ninakofundisha watu wanakula dhahabu. Nikala. Kwa wa tatu nilikula nikiwa nimesimama, kwa sababu kuketi kulikuwa kumeshindikana. Tangu siku hiyo natembelea nyumba moja kwa siku, nakula polepole huku nikizungumza, na mfupa nauacha sahanini mahali unapoonekana.

Lakini sikushika kalamu ili niwafundishe kula. Nataka kuwaeleza juu ya mwanafunzi bora niliyewahi kupata. Sikumpata Gaborone, wala katika shule zote nilizopitia kaunti hii. Nilimfundisha likizoni, Likuyani, na muda wote wa masomo yetu sikumtazama usoni hata mara moja. Alikuwa mama mkwe wangu.

Mjue kwanza mimi nilikuwa mwalimu wa namna gani. Nilipotoka chuo nilipelekwa shule moja ya msingi nje kidogo ya Kakamega, na mwalimu mkuu akanitupia darasa la kwanza kwa sababu mwenye darasa alikuwa amejifungua. Wanaume wenzangu waliniita yaya. Nilinuna muhula mzima. Muhula wa pili nilianza kuona utamu wake, na wa tatu walipotaka kunihamisha nilikataa. Kumwona mtoto akigundua kwamba yale makwaruzo ubaoni ni jina lake mwenyewe, jamani, mimi sijaona kazi nyingine yenye furaha ya namna hiyo. Nilikaa na darasa la kwanza maisha yangu yote.

Aliyenifunza kazi yenyewe ni Mwalimu Ayuma, mama mfupi mwenye sauti ya ngoma, aliyekuwa na darasa la pili upande wa pili wa ukuta. Siku moja nilimwita kwa majivuno aje asikie mtoto wangu mmoja akisoma ukurasa mzima bila kukwama. Alisikiliza akitabasamu, kisha akaweka kiganja chake juu ya picha ya ng'ombe iliyokuwa juu ya ukurasa. Mtoto akanyamaza. Alikuwa anaangalia picha na kusema alichokumbuka, maneno hata hakuyajua. Mwalimu Ayuma hakunicheka mbele ya watoto. Alinicheka baadaye, ofisini, mbele ya walimu wote, na chai yao ikawa tamu siku hiyo.

Gaborone nako nilifundishwa upya. Shule ilikuwa ya binafsi, ya Kiingereza, na njia zao zilikuwa za kisasa: kila sauti ina ishara ya mkono, ina wimbo, ina kadi ya rangi. Nilikatazwa kabisa kuwaimbisha watoto a, e, i, o, u. Nilijifunza hizo ishara mpaka nikawa naziota, na nakiri kwamba zinafanya kazi. Mwalimu asiyekubali kujifunza upya uzeeni aende akafuge kuku, na hata kuku siku hizi wana mambo yao.

Sasa likizo yenyewe. Ilikuwa ya Desemba, na nilikuwa nimeipanga iwe ya kutembea. Nilitoka Gaborone kwa basi pamoja na mwenzangu Mzambia, tukaona yale maporomoko makubwa ya mpakani, maji yakanilowesha hadi soksi, na nikasimama pale nikijiona mdogo kama siafu. Nilimwacha mwenzangu kwao Lusaka, nikaendelea peke yangu kupitia Tanzania, nikala wali wa kila namna njiani. Nilifika Kakamega miguu imevimba na moyo umejaa. Sehemu ya pili ya mpango ilikuwa Mombasa na mke wangu Ruth, ambaye hakuwa ameona bahari na alikuwa ameshanunua kofia pana ya jua. Niwaambie mapema, kofia hiyo ilivaliwa kwenye mahindi.

Kabla ya Mombasa kulikuwa na wajibu. Baba yake Ruth alikuwa amefariki mapema mwaka huo nikiwa kazini, na sikuweza kuja kumzika. Mkwe aliyekosa mazishi hatangulii kwenda kuota jua. Tukabeba sukari, majani ya chai na blanketi, tukaenda kwao Likuyani. Kule ni nchi ya mahindi, na Desemba ndio msimu: kila boma lina turubai la mahindi yanayoanikwa, kila baraza lina magunia, na kila mtu ana vumbi la magunzi kwenye nyusi.

Hapa lazima niwaeleze desturi, kwa sababu najua ninyi mnapiga picha na mama wakwe zenu mmekumbatiana, nami huwa nafumba macho. Kwetu sisi wa rika langu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hamshikani mikono. Hamketi sebule moja mkielekeana. Akija njiani, unampisha mpaka kwenye miwa ya watu. Si chuki hata kidogo. Ni heshima kubwa kiasi kwamba haiwezi kukaa chumba kimoja nanyi. Kwa miaka yote ya ndoa yangu nilimjua Mama Rasoa kwa sauti, kwa mgongo, na kwa mapishi yake yaliyokuwa yakiletwa na mtu mwingine.

Na kwa sifa zake. Mama Rasoa alikuwa msomaji wa kanisa lao tangu Ruth akiwa mdogo. Alikuwa akisimama mbele, kitabu mkononi, anatoa somo zima kwa sauti iliyonyooka, bila kikohozi, bila kurudia neno. Wahubiri wageni walikuwa wakiuliza alisomea wapi. Mimi mwenyewe nilikuwa nikijisifu kwa wenzangu kwamba nimeoa kwa watu wa kitabu.

Tulipomaliza kuomba kaburini, Ruth alikwenda jikoni kwa mama yake na akakaa huko muda mrefu. Alirudi macho mekundu. Alinivuta hadi nyuma ya ghala, akaniambia jambo ambalo mama yake alikuwa amemwambia punde ile, kwa mara ya kwanza maishani. Mama Rasoa hajui kusoma. Hajawahi kujua. Alipokuwa msichana alibakizwa nyumbani kulea wadogo zake, akaolewa, na mumewe, ambaye alikuwa karani, akawa anamsomea somo la Jumapili kila Jumamosi jioni. Yeye alilishika lote kichwani kwa kusikia mara chache tu, na kesho yake akalitoa mbele ya watu kitabu kikiwa wazi. Watu wawili ndio waliokuwa wanajua, na mmoja sasa alikuwa kaburini.

"Mzee alikuwa ananisomeanga, mimi naweka kwa kichwa," alikuwa amemwambia Ruth. "Sasa nani atanisomea?"

Tangu mazishi alikuwa amejificha nyuma ya msiba. Kila alipoombwa kusoma alisema bado moyo haujatulia, na watu walimwelewa. Lakini akina mama wa kanisa walikuwa wamempangia somo la Krismasi, na baada ya Krismasi zamu ya kila Jumapili ingerudi kwake mwaka mzima. Somo la Krismasi halikumtisha, hilo alikuwa nalo kichwani miaka mingi. Aliogopa Jumapili zinazofuata. Ama ajifunze kusoma kabla ya sikukuu, ama siku hiyo hiyo aitangazie kanisa kwamba anaacha, na hakuwa na sababu ya kuwapa. Kwenda ngumbaru na watu wazima wenzake hakuweza. Angeingiaje darasa la kujifunza herufi, yeye msomaji?

Ruth alisema angemfundisha mwenyewe. Walijaribu asubuhi iliyofuata, nami nikiwa nje nawasikia. Haikuchukua muda. Mama aliuliza tangu lini mtoto aliyembeba mgongoni amwambie amekosea, Ruth akajibu vibaya, na sufuria ikaanguka. Halafu nikasikia sauti ya mama mkwe wangu ikisema kwamba mle bomani kuna mtu ambaye kazi yake ni hiyo hiyo, na kwamba Mungu ana mzaha.

Mkwe amfundishe mama mkwe kusoma, bila kumtazama. Chuo gani kingenitayarisha kwa hilo? Nilifikiri juu ya ukuta, juu ya pazia, hata juu ya simu. Jawabu lilikuwa barazani. Magunia ya mahindi yalikuwa yamepangwa pale yakisubiri lori la mnunuzi, marefu kuliko mtu aliyeketi. Ruth aliweka kigoda changu upande huu, mama yake akaketi upande ule na beseni na mahindi ya kupukuchua, na yeye Ruth akawa katikati, akipitisha kadi. Kadi nilizikata kwenye katoni za sabuni na kuziandika kwa kalamu ya wino mzito.

Njia zangu za Gaborone zilikufa asubuhi ya kwanza. Ishara za mikono atazionaje mtu aliye nyuma ya magunia? Nilimwimbia wimbo wa sauti za herufi, na upande wa pili nikasikia mtu anajizuia kucheka. Basi nikarudi kwa kile nilichokatazwa. Ba, be, bi, bo, bu. Alikipenda mara moja, kwa sababu kina mwendo wa kupukuchua. Silabi moja, punje kadhaa. Maneno niliyatoa hapo hapo mbele yake: gunia, beseni, jembe, kuku. Nawashauri na ninyi, msianze na maneno ya vitabuni. Anza na kitu ambacho mwanafunzi anaweza kukigusa bila kuinuka.

Hakuzungumza nami moja kwa moja. Alikuwa akisema, "Ruth, mwambie mwalimu hii ingine imenishinda," nami nimekaa karibu kiasi cha kusikia anapumua. Nilijibu kwa njia hiyo hiyo. Ruth alipokwenda kuchota maji, mama alizungumza na kuku. Alimwambia jogoo kwamba herufi hii na ile zinafanana kama pacha na kwamba aliyezitengeneza alikuwa mvivu. Nami nikamjibu jogoo kwamba moja ina mkia. Jogoo alivumilia mengi likizo ile.

Nilirudi Kabras, lakini kila baada ya siku chache nilipanda tena kwenda Likuyani. Boda boda, gari, boda boda tena. Kofia ya Mombasa ilianza kupata vumbi la kule. Kila nilipofika alikuwa mbele ya pale nilipomwacha, kwa sababu kadi alizibeba shambani ndani ya kitambaa cha kichwa. Ruth, ambaye alibaki naye, aliniambia mama yake anasoma mifuko ya mbolea, anasoma kopo la dawa ya ng'ombe, na kwamba amegombana na mwenye duka kwa sababu jina la duka limeandikwa vibaya. Kwa kweli lilikuwa limeandikwa vibaya. Niliendesha madarasa ya watoto wenye akili nyepesi, wenye njaa ya kujua, na sijawahi kuona bidii kama ya yule mama aliyekuwa na wajukuu kumi na zaidi.

Kisha nikafanya kosa la kwanza la kazi, lile la ng'ombe. Nilimpelekea ukurasa mzima kutoka kitabu cha kanisani, nikamwambia Ruth amwambie ajaribu. Mama alianza, na aliusoma ukurasa ule kuanzia juu hadi chini kama maji. Nililia pale kwenye kigoda, msicheke. Nilimwambia Ruth, kwa sauti ya kusikika, kwamba mama yake ni maajabu.

Nilikuwa nimeanza kufikiria bahari tena, ndipo kitu kikanisumbua. Wakati wote ule alipokuwa anasoma, punje za mahindi ziliendelea kudondoka kwenye beseni, ta, ta, ta, bila kusita. Siku nyingine zote, akiwa kwenye neno gumu, punje zilikuwa zikisimama. Nilikuwa nimeshazoea kumsikiliza kwa mikono yake: mikono ikinyamaza, yuko ndani ya neno. Mtu hawezi kupukuchua hindi kwa mwendo ule huku macho yakiwa kwenye mstari. Nilimkumbuka Mwalimu Ayuma na kiganja chake. Nilifungua kitabu mahali pengine ovyo, nikampa Ruth ampelekee. Punje zikasimama. Kisha akasema polepole, si kwa Ruth wala kwa jogoo, "Ile ya kwanza mzee alinisomea. Nilitaka ufurahi."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniambia neno mimi mwenyewe. Nikasema nimefurahi kweli, ila sasa tuanze hii. Tukaianza. Ilikuwa kazi ya jasho. Mstari mmoja ulitumaliza wote, na kichwa kile kilichoshika masomo ya miaka mingi kikawa kinamvuruga, kwa maana kila akipata neno la mwanzo alibahatisha yaliyobaki. Nilimwambia kitu ninachowaambia na ninyi: kumbukumbu nzuri ni rafiki mbaya wa msomaji anayeanza. Lazima uizuie mlangoni mpaka macho yamalize kazi.

Wiki ya sikukuu lori la mnunuzi likaja na kubeba magunia yote. Nilifika, nikakuta baraza tupu, na mama mkwe wangu amesimama upande wake, mgongo kwangu, kitabu mkononi. Hatukuwa na ukuta. Ruth alianza kutafuta shuka. Mama hakungoja shuka. Alivuta kiti chake katikati ya baraza, akakigeuza kitazame shamba, akaketi, akangoja. Nikaelewa. Nikaweka kigoda changu mgongo kwa mgongo na kiti chake, nikatazama nyumba, na tukasoma hivyo. Nilisoma kutoka kitabu kingine cha aina ile ile, yeye chake, na alipokwama nilimsikia akilivunja neno silabi kwa silabi.

Jirani mmoja alipita akatuona tumegeuziana migongo kama watu waliokosana vibaya, na mimi nilishakuwa nazungumzwa kwa kuzoea ukweni. Mkwe haendi ukweni kila mara kama mwenye njaa. Kesho yake kaka yake Ruth, Wafula, alinipigia simu kwa upole mwingi akauliza kama kuna jambo kati yangu na mama, kwamba kama ni jambo wazee wanaweza kukaa. Nilimhakikishia kwamba hakuna. Akauliza tena kama Ruth amenifukuza nyumbani. Ilibidi nimeze, kwa sababu siri haikuwa yangu.

Krismasi ilifika. Niliketi nyuma kabisa upande wa wanaume, kichwa chini inavyopasa. Kanisa lilijaa, watoto na nguo mpya, akina mama na vitambaa vyao vyeupe. Mama Rasoa aliitwa. Alitembea mbele, akafungua kitabu, akatoa somo la Krismasi kama alivyolitoa miaka yote, sauti imenyooka, na watu wakaitikia kwa furaha ya kumpata tena msomaji wao baada ya msiba. Nilishusha pumzi. Ilikuwa imeisha salama. Sasa angeketi, na baadaye tungeona mambo ya Jumapili zijazo.

Hakuketi. Alisema ataongeza kidogo. Akageuza kurasa nyingi, akaweka kidole kwenye ukurasa, akaanza kusoma mahali ambapo hatukuwahi kupitia kwenye magunia wala mgongo kwa mgongo. Alisoma neno, akasimama. Akasoma mawili, akasimama. Sauti yake ilitetemeka. Watoto walianza kuchezacheza. Mbele yangu mzee mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba kifo cha mume kimemmaliza mama wa watu. Alifika kwenye neno refu, akakaa hapo. Kanisa zima lilikaa naye. Mama Dina, kiongozi wa akina mama, aliyeketi kiti cha mbele, alimtajia neno hilo kwa sauti ya chini ili amwokoe. Mama Rasoa aliinua mkono kumzuia. Akalivunja neno vipande, akalisema kipande baada ya kipande, akalirudia lote zima, na akaendelea hadi mwisho wa mstari. Kisha akafunga kitabu.

Makofi yalikuwa machache, ya huruma. Mimi nilikuwa nimeinamisha uso, na machozi yananiangukia viatuni, na sijui kama Wafula aliyeketi karibu nami alidhani ni majuto ya ugomvi ule. Sikujali. Kuna watu wametoa maisha yao kulinda sifa. Yule mama alichukua sifa yake ya miaka mingi akaiweka chini mbele ya watu wote, kwa hiari, ili asome mstari mmoja wa kweli. Mimi sijui kama ningeweza.

Nje, watu wakisalimiana, akina mama walimzunguka kwa pole. Nilisimama mbali, mgongo umegeuka, lakini masikio hayakatazwi. Mama Dina alimwambia asijali, ni macho, yeye mwenyewe anamjua daktari wa macho pale Kakamega na kanisa litamchangia miwani.

"Macho yangu ni mazima," mama mkwe wangu alisema, na hakupunguza sauti. "Ile miaka yote mlikuwa mnanisikia, mimi sikuwa nasoma. Mzee wangu alikuwa ananisomeanga Jumamosi, nakuja kusema. Leo ndio nimesoma."

Niliwasikia watoto wakikimbizana kule nyuma ya kanisa. Halafu Mama Dina, ambaye kila Jumapili alifungua kitabu chake mapajani na kukifunga kwa heshima ibada ikiisha, aliuliza kwa sauti ndogo sana kama huyo aliyemfundisha anaweza kupata nafasi ya mtu mwingine.

"Huyo anarudi Botswana," Mama Rasoa alimjibu. "Njoo kwangu Jumanne. Nitakufundisha mimi."